Kibanda cha Picha cha Pindo

Wateja wake wa cherehani ndio waliompa jina la Pindo, kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka hata ulivute kwa ng'ombe. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, na hata akiitwa nalo hospitali huchelewa kuinuka. Miaka yote hiyo alishona na dada yake katika chumba kimoja, dada anakata, yeye anashona, redio inaongea peke yake hakuna anayeisikiliza. Mgongo ulipomshinda dada, akaenda kupumzika nyumbani kwake, mji huo huo, na kumwachia Pindo cherehani yake. "Itunze," alisema, na hakusema zaidi.

Sasa fikiria mwenyewe. Macho ya Pindo yalianza kuona sindano mbili penye moja, na wateja nao wakahamia nguo za kununua zimeshashonwa. Mwanzoni mwa mwaka akauza cherehani zote mbili, yake na ya dada, akanunua kibanda cha kupigia picha cha kukodisha kwenye sherehe. Akampigia dada simu kumweleza, huku amejiandaa kwa kelele. Dada akasema tu, "Sawa, mdogo wangu. Hongera."

Basi. Na tangu siku hiyo dada akakata mguu.

Kwa watu wengine hongera ni neno jema. Kwa dada huyu, aliyeweza kukugombeza kutwa nzima kwa kifungo kilichopotea, hongera tupu ilikuwa tusi. Pindo alilala nayo, akaamka nayo. Akipiga simu anapokea shemeji, mume wa dada: dada amelala, dada ametoka, dada yuko semina. Semina gani ya mtu aliyestaafu kukata vitambaa? Pindo akajua amenuniwa. Na kwa kuwa kununa kunaambukiza kuliko mafua, naye akanuna.

Kibanda cha namna hiyo alikiona mara ya kwanza kwenye harusi ya mteja. Watu walipanga foleni kuingia nyuma ya pazia wajipige picha wenyewe, na mpiga picha wa kukodi akabaki na kamera shingoni kama mganga aliyekimbiwa na wagonjwa. Unaingia, unakaa kwenye kigoda, unabonyeza kitufe, mashine inahesabu moja mbili tatu, taa inamulika, na picha inatoka upande wa nje ikiwa bado ina joto. Pindo alimpata mtu aliyekuwa anahama mji, mwenye kibanda kikuukuu. Jamaa alimfundisha mchana mmoja, maneno yakimtoka kama anafukuzwa: hapa kuwasha, hapa kuzima, hapa karatasi, hapa usiguse. Sehemu za usiguse zilikuwa nyingi kuliko zote. Kesho yake simu yake haikupatikana tena.

Kitu kimoja tu Pindo alikijua barabara, nacho ni pazia. Lile alilolikuta akaligeuza matambara ya kudekia. Akashona jingine, zito, jekundu kwa nje na jeusi kwa ndani, mtu akilifunga haonekani hata kisigino. Alipolijaribu kwa majirani aligundua jambo ambalo yule jamaa hakumwambia: mtu akiwa nyuma ya pazia si yule aliyeingia. Jirani yake mmoja, mwanamke mkali asiyecheka na mtoto wala mbwa, alitoka na picha ametoa ulimi wote nje.

Kazi ya kwanza ikaja kwa mdomo wa shemeji. Mama yao alikuwa anatimiza miaka themanini, na dada ndiye aliyekuwa anaandaa sherehe. "Dada yako anasema ulete kibanda chako," shemeji alisema mlangoni, kofia mkononi.

Pindo alikaa chini. "Amesema mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

Hapo akapata matumaini, na matumaini ya mtu aliyenuna ni makubwa kuliko ya mtu wa kawaida. Dada ataingia kwenye kibanda. Atakaa kwenye kigoda, ataona mshono wa pazia, atajua cherehani yake haikutupwa bali imegeuka kitu kingine. Atacheka, na haya mambo yataisha. Watu walimwambia sherehe ile itamletea wateja. Pindo hakuwa na haja ya wateja siku hiyo. Alimtaka dada yake.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi zake zilinuka rangi na saruji. Viti vya plastiki vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe, feni zinalia juu, na mshereheshaji anajaribu kipaza sauti kwa kusema "haloo, haloo" kama aliyepotelewa na mtu. Shemeji alipandisha mabomba ya kibanda begani huku akitania kila ngazi. "Shemeji, kazi yako mpya hii ni ya kuchungulia watu. Serikali inajua?"

"Wewe panda, usinivunjie bomba."

Kibanda kiliposimama, shemeji akainama chini ya meza ya kompyuta inayokiendesha na kutoka na waya mrefu wa projekta ya ukumbi. "Huu wa kutolea picha ukutani tunauchomeka wapi?"

"Hatuuchomeki. Huko sijafika."

"Lazima, shemeji. Watu wote waone."

"Nani kasema lazima?"

"Sherehe imesema." Akauchomeka. Shemeji huyu hana utani asioufuata na kicheko chake mwenyewe, lakini safari hii hakucheka, akaenda kuhesabu viti vilivyokwisha kuhesabiwa.

Pindo aliona bora amwache, maana ukutani kweli kulipendeza. Kila picha iliyopigwa ilisubiri zamu yake, kisha ikatokea kubwa kwenye ukuta wa mbele, ikakaa kidogo, ikaiachia nyingine. Wageni walivyozidi kuingia kibandani, ukuta ulibaki nyuma kwa picha kadhaa. Mtu alishatoka, ameshakaa, ameshaanza soda, ndipo anajiona ukutani na miwani ya njano na kupiga yowe. Mama alikuwa amekalishwa mbele kabisa, uso kwa ukuta, akicheka hadi machozi. Kulia kwake binamu muuguzi, kushoto kwake binamu mwingine, muuguzi vilevile. Dada ndiye aliyepanga viti. Pindo aliviona hivyo na moyo ukamuuma kidogo: hata kando ya mama sikuwekewa pangu.

Dada alikuja amechelewa. Alikuwa amepungua, na kichwani amepiga kilemba kikubwa cha kijani, yeye ambaye ujana wake wote aliringia nywele. "Umependeza, umekuwa kisichana!" shangazi alimwambia. Dada akatabasamu kwa meno tu. Alipofika kwa Pindo akashika ncha ya pazia, akaigeuza, akaangalia mshono wa ndani kama zamani.

"Umeshona wewe."

"Nani mwingine?"

"Umeshona vizuri," dada alisema, akaenda kukaa meza ya mbali.

Vizuri! Ikawa hongera nyingine. Pindo alisimama na kikapu chake cha kofia na miwani, akigawia watoto, akigawia wajomba, jicho moja kwenye meza ile. Dada hakula. Alikuwa anautazama ukuta, anamtazama mama, anarudi kwenye ukuta. Mara mbili aliinuka nusu akakaa tena. Pindo akajisemea, hatakuja, amenileta hapa anionyeshe kwamba hatakuja.

Kisha dada akaja. Watu wa foleni wakampisha, maana ndiye mwenye shughuli. Alipita katikati yao bila kumtazama mtu, na Pindo akadhani ni hasira.

"Chukua kofia," Pindo akasema haraka. "Au miwani. Hii ya nyota—"

"Sitaki kofia. Naingia peke yangu."

Akafunga pazia. Pindo akasikia kigoda kikilia, kisha kimya. Mashine haikuhesabu. Watu wa foleni wakaanza kukohoa. Hatimaye mashine ikahesabu, moja, mbili, tatu, mwanga ukapita chini ya pazia, na picha ikaanza kusukumwa nje polepole, juu kwanza.

Pindo aliinama kuipokea kwa furaha zote.

Kilitoka kichwa. Kichwa kitupu, hakina unywele hata mmoja, kimeng'aa kwa taa. Kikafuata kipaji cha uso, nyusi zilizochorwa kwa wanja, macho yanayotazama mbele bila kupepesa. Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba dada amevaa kofia ya mpira ya kuchekesha watu. Halafu akayaona macho vizuri, akajua hicho ni kichwa chake.

Amelala. Ametoka. Yuko semina. Kumbe semina yenyewe ilikuwa hospitali. Na ile hongera haikuwa tusi wala nini. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetoka kuchomwa sindano, asiye na nguvu ya kugombania cherehani. Pindo alitaka kulia, lakini kabla machozi hayajafika lilifika jambo jingine, akageuza shingo kutazama ukuta.

Ukutani alikuwapo mjomba na kofia ya mpishi. Nyuma ya mjomba zilisubiri picha ya watoto wa jirani, ya shangazi na mumewe, ya vijana wa muziki. Nyuma yao dada. Na mbele ya ukuta mama, na presha yake ya miaka, ameshika bilauri ya maji, mdomo wazi, anasubiri kichekesho kinachofuata.

Picha Pindo aliitia kifuani. Akaikimbilia kompyuta. Shemeji hayupo, ameshuka kuchukua kreti za soda. "Dada," akaita kwa sauti ya chini karibu na pazia. "Dada, toka." Pazia halikutikisika. Akabonyeza kitufe alichoambiwa asikiguse. Kidirisha kikafunguka kikiuliza swali kwa lugha ya mashine, na majibu mawili chini. Akachagua moja. Ukutani watoto wa jirani wakavimba hadi zikabaki pua tu, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mama akapiga paja.

Akabonyeza tena, tena, kama anayebisha mlango wa nyumba inayoungua. Shangazi na mumewe wakatokea. "Aaah!" watu wakashangilia. Wakakaa, wakaondoka. Vijana wa muziki wakatokea, wamebinua midomo.

Baada yao ni dada.

Pindo alipiga magoti chini ya meza, akakusanya waya wote kwa mikono miwili na kuvuta. Hakuchagua. Ukuta ukawa mweupe, kibanda kikazimika, muziki ukakatika, na mshereheshaji aliyekuwa katikati ya sifa za mama akabaki anachezesha midomo bila sauti.

Kwa dakika nzima zilisikika feni tu. Halafu maneno yakaanza. "Mama Picha, umetukata!" mshereheshaji akapaza sauti. "Ndiyo mambo ya vitu vya mtumba," mtu mmoja akasema, na hakujali kunong'ona. Meneja wa ukumbi alitokea mlangoni, funguo mkononi, akasema kwamba mashine za kubabaisha hazitaingia tena humu kwake. Wale waliokuwa wamemwomba Pindo namba ya simu wakageukia sahani zao. Kazi yake mpya ilikuwa inamfia mbele ya macho, na yeye, hapo chini ya meza, magoti yamejaa vumbi, alikuwa na raha tupu. Amewahi. Hakuna aliyeona.

Pazia likafunguka. Dada akatoka, kilemba amekirudisha kichwani kimekaa upande, akautazama ukuta mweupe.

"Imetoka?"

"Haijatoka." Pindo aliinuka, akamshika mkono, akamnong'oneza. "Nimekata kabla. Hakuna aliyeona, dada. Mimi tu. Nakuapia, mimi tu."

"Umekata?"

"Nimewahi."

Dada alirudi nyuma akakaa kwenye kigoda, pazia likiwa wazi. Alimtazama Pindo kama unavyomtazama mtoto aliyekufulia nguo pamoja na barua iliyokuwa mfukoni. "Pindo," akasema. "Ni mimi niliyemwambia mume wangu auchomeke ule waya."

Pindo hakuelewa. Kisha akaelewa, na ile raha ikamtoka yote.

"Kila nikimpigia mama nimweleze, anaanza yeye," dada akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini hakulia. "Mguu unamuuma, presha imepanda, usiku hapati usingizi. Namwambia pole, nakata. Na nyinyi wengine je? Niende nyumba kwa nyumba, nikalie na kila mtu, nimbembeleze kila mtu? Nikasema hapana. Penye wengi hapaharibiki neno. Nikamweka katikati ya wauguzi, akianguka wamdake. Nikasema nitoke mara moja, wanione wote, iishe." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Moyo huo nilikuwa nao leo. Leo tu."

"Sikujua, dada."

"Ungejuaje?"

Alilisema kwa upole, na ndiyo maana likauma.

"Nairudisha," Pindo akasema. "Sasa hivi, nairudisha." Shemeji alikuwa ameshafika juu na kreti yake, ameiweka chini katikati ya mlango, anawatazama bila utani wowote usoni. Pindo akachomeka waya wa kompyuta peke yake. Mashine ikawaka taratibu, ikamuuliza leo ni tarehe ngapi, kama iliyozaliwa muda huo. Akafungua huku, akafungua kule. Hamna mjomba, hamna watoto, hamna dada. Picha zote, zilizopita na zilizokuwa zinasubiri zamu, zilikuwa zimepotea.

"Imefutika," akasema. "Dada, imefutika. Ingia tena, haitachukua muda, mimi nita—"

"Siwezi mara ya pili."

Akawa anakaza kilemba. Vidole vilitafuta ncha na kuichomeka ndani, kwa ufundi ule ule wa mtu aliyekata vitambaa maisha yake yote, na Pindo akajua kikishakazwa hivyo hakitafunguliwa tena hadi mama azikwe, au azikwe dada.

Akaitoa picha kifuani. Ilikuwa imekunjika pembe moja.

"Ipo hii," akasema.

Dada aliitazama bila kuipokea. Shemeji alisogea kuokota plagi ya muziki. "Iache kwanza," Pindo akamwambia, na shemeji akaiacha. Kisha dada akainuka, akaichukua picha, na wakaenda wote wawili katikati ya meza, katika kimya kile kile alichokileta Pindo, watu wakigeuza vichwa. Hakuna aliyejua wanakwenda kufanya nini. Hata wao, nadhani, hawakujua vizuri.

Mama aliipokea picha kwa furaha. "Yangu hii?" Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza mbali zaidi, mkono ukanyooka wote. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo, kikaja kitu kingine, laini, ambacho mabinti zake walikuwa hawajakiona siku nyingi.

"Hii mmeitoa wapi?" akauliza. "Mimi nilijua picha za baba yenu ziliisha zote kwenye ule moto ulioteketeza nyumba."

Baba yao alikuwa ananyoa kipara kila wiki, na alishazikwa zamani, kabla Pindo hajashika sindano. Mama alipitisha kidole gumba juu ya picha. "Ananitazama vilevile," akasema. "Angalia. Vilevile."

Dada akafungua kilemba. Kilikuwa kirefu, kilichukua muda, na kitambaa chote kilishuka begani hadi sakafuni. Nyuma mwanamke mmoja akalia "Jamani!" akazibwa mdomo.

Mama aliangalia kichwa, akaangalia picha, akarudi kwenye kichwa. Binamu muuguzi akamshika bega. "Niachie," mama akasema. "Mimi siumwi. Wewe, njoo hapa." Dada akapiga magoti, na mama akapitisha kiganja juu ya kichwa kile kuanzia kwenye kipaji hadi kisogoni, akarudia, akarudia tena.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, mama. Nipo kwenye matibabu. Bado hayajaisha."

"Mwaka jana," mama akarudia. "Na kila siku unaniacha nakulilia mguu. Mguu! Mwanangu, mguu ni kitu gani?" Dada alilaza kichwa mapajani kwake, na hapo sasa akalia, mabega yote yakitikisika, na mama akaendelea kukipapasa bila kukitazama. Alikuwa ameinua macho anamtazama Pindo.

"Na wewe ulijua?"

"Sikujua, mama. Nimejua leo. Sasa hivi."

"Mnakaa mji mmoja."

"Ndiyo, mama."

"Hukwenda kumwona?"

Pindo alifungua mdomo aseme kwamba dada ndiye aliyekata mguu. Neno lilifika hadi kwenye meno. Alikuwa nalo tayari tangu mwanzoni mwa mwaka, amelinoa kila usiku kitandani. Kisha akakitazama kile kichwa mapajani mwa mama, kidogo kuliko alivyodhani kichwa cha dada yake kinaweza kuwa, na akasikia ukumbi mzima unamsubiri.

"Sikwenda," akasema.